Ukurasa wa Nyumbani: Bandu Bandu Huisha Gogo

Mkanda wa askari ni shahidi asiyehongeka. Gwanda linaweza kupanuliwa na fundi, na picha inaweza kupigwa kwa upande. Lakini tundu la mkanda lililotumika mwaka jana hubaki palepale, likimngojea mwenyewe. Asubuhi moja askari hugundua kwamba tundu hilo halifikiki tena. Hutumia linalofuata, kisha la mwisho, na hatimaye humwendea fundi viatu amtobolee jipya. Hapo ndipo jambo lililokuwa likikua kimya kimya kwa miaka mingi hudhihirika.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kwa mfano wa sajini mmoja na mkewe katika kambi mojawapo ya Uganda. Mfano wenyewe umetungwa, wala haumhusu mtu yeyote anayejulikana. Lakini aliyewahi kukaa kambini hatashindwa kuutambua.

Sajini huyo ana umri wa miaka 43. Kwa miaka 15 alikuwa mtu wa doria, akitembea maili nyingi na mzigo mgongoni, akila alichopewa na kukimaliza chote, kwa kuwa hakujua chakula kingine kitapatikana saa ngapi. Kisha alihamishiwa stoo ya sare, ambako kazi yake ni daftari, ufunguo na kiti. Miguu ilipumzika, lakini mkono uliozoea kwenda kinywani haukupewa habari ya uhamisho. Kwa muda wa miaka sita sajini alikula kama mtu wa doria na kukaa kama mtu wa ofisi.

Hiyo ndiyo siri ya unene wa watu wengi wenye sare, na hata wa raia waliohama jembe wakaingia dukani au ofisini. Mwili ni mtunza stoo mwaminifu kupita kiasi. Huandika kinachoingia na kinachotoka, na kilichobaki haukitupi. Hukiweka ghalani kwa ajili ya siku ya njaa. Ghala hilo ni mafuta, na mlango wake mkubwa uko kiunoni. Siku ya njaa isipofika, ghala hujaa, na mzigo wake huanza kuulemea moyo, mishipa ya damu na magoti.

Neno posho lenyewe lina fundisho. Maana yake ya zamani ni mgawo wa chakula apewao mtu wa kazi, kama vile askari, mpagazi au kibarua. Nchini Uganda limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe. Mgawo ule ulitolewa kwa mtu aliyetarajiwa kutoka jasho siku nzima. Leo jasho limepungua, ila mgawo haukupungua. Bali umeongezewa chapati, soda na bia.

Wala haifai kudhani kwamba chakula cha asili cha nchi hii ndicho chenye makosa. Madaktari wawili waliofanya kazi Uganda katika enzi ya ukoloni, Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliona kinyume chake. Burkitt, aliyekuwa mpasuaji, alifika mwaka 1946 akaanzia Lira, kisha akahamia Kampala katika hospitali ya Mulago, ambako Trowell alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani. Waliona kuwa unene wa kupindukia na magonjwa ya moyo, yaliyokuwa yakiongezeka kwao Ulaya, yalikuwa nadra miongoni mwa wanakijiji waliokula wimbi, viazi vitamu, maharage na mboga. Mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu kilichoeleza madhara ya vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa mpaka vikapoteza nyuzinyuzi zake. Si kila walichokidhania kimethibitishwa, lakini shauri lao la msingi lingali na nguvu: chakula chenye nyuzinyuzi hushibisha mapema, hukaa tumboni muda mrefu, na humzuia mlaji kuzidisha.

Sajini hakwenda zahanati kwa sababu ya mkanda. Alikwenda kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Muuguzi alimpima uzito akapata kilo 90. Urefu wake ulikuwa mita 1.70, na kiuno chake sentimita 106. Shinikizo la damu lilisoma 150 kwa 96.

"Afande," alisema muuguzi, "kipimo kimoja si hukumu. Urudi mara mbili nyingine ukiwa umepumzika, ndipo tutajua."

Alirudi, na tarakimu hazikubadilika sana. Daktari akamwanzishia vidonge vya shinikizo la damu, akamweleza kwamba vidonge na sahani ni wenzi wawili, kimoja hakiwezi kufanya kazi ya chote.

Hesabu ya uzito ambayo hutumiwa na Shirika la Afya Duniani si ngumu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Kwa sajini, 1.70 mara 1.70 ni 2.89, na 90 ikigawanywa kwa 2.89 hupatikana 31. Mtu mzima mwenye 18.5 hadi 24.9 yumo katika kiwango cha kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi. Na kuanzia 30 huo ni unene wenye hatari. Kwa kuwa askari mwenye misuli mikubwa anaweza kuonekana mzito bila ya kuwa na mafuta mengi, utepe wa fundi cherehani husaidia. Kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, ni onyo. Kinachozidi 102 kwa mwanamume, au 88 kwa mwanamke, ni onyo kubwa.

Ili afike katika kiwango cha kawaida, sajini angepaswa kushuka hadi kilo 72 hivi. Tarakimu hiyo ilimkatisha tamaa. Lakini daktari hakumtaka afike huko kwa mwendo mmoja. Alimweleza kwamba kupunguza sehemu 5 tu katika 100 za uzito, yaani kilo nne na nusu kwake yeye, hutosha kuleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari mwilini. Bandu bandu huisha gogo. Asiyeweza kulikata gogo kwa pigo moja hana budi kuliheshimu kila bandu.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa njaa. Kilikuwa nyumbani, na kilitokana na upendo.

"Mama Watoto," alisema sajini jioni ile, "daktari anataka nipungue."

Mkewe aliweka mwiko chini. "Upungue uonekaneje, Baba Watoto? Watu waseme hulishwi, au waseme una maradhi?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mapema katika miaka ya 1980 ulitokea ugonjwa katika wilaya ya Rakai uliowakondesha watu mpaka wakabaki mifupa, na wananchi wakauita silimu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la Lancet. Ulikuwa ni Ukimwi. Mwanamke aliyekua katika miaka ile, akawazika ndugu na majirani, hawezi kuutazama mwili wa mumewe ukipungua kwa moyo mtulivu. Kwake kilo ni ushahidi wa uzima, na sahani iliyojaa ni heshima ya mke mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo yafaa tofauti ifahamike wazi. Kupungua kwa hiari huja polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na mtu hubaki na nguvu zake, usingizi wake na hamu ya chakula. Kukonda bila ya kukusudia, hasa kukiandamana na kikohozi, homa, jasho la usiku, kuharisha au kiu isiyokwisha, ni dalili ya kumwona daktari upesi, kwani huenda ni kifua kikuu, kisukari, virusi vya Ukimwi au maradhi mengine ambayo leo yana matibabu. Anayeujua mpango wake na anayepimwa zahanati hana haja ya kuogopa midomo ya majirani.

Sajini, kama wanaume wengi, alitaka kwanza kulimaliza jambo kwa amri. Kwa siku mbili hakula kitu ila chai ya rangi. Siku ya tatu aliwagombeza watoto bila ya kosa, na usiku akaimaliza sufuria nzima peke yake. Huo ndio mwisho wa mipango mingi inayoanza kwa njaa: mwili uliotishwa hudai fidia. Ndipo alipokubali shauri la muuguzi, naye mkewe akakaa pembeni akasikiliza, kwa kuwa ndiye mwenye jiko.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya daftari. Hakuacha chakula chochote. Aliandika tu kila kilichopita kinywani, kwa saa na kwa kiasi, kama anavyoandika sare zinazotoka stoo. Jumapili walilisoma daftari pamoja, na lilisema mambo ambayo hakuna aliyeyajua. Vikombe viwili vya chai asubuhi, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Chapati mbili. Saa nne soda ya nusu lita kutoka kantini. Mchana mlima wa posho na maharage. Jioni bia mbili pamoja na wenzake, kisha chakula kamili saa tatu usiku, na kulala mara baada ya kunawa mikono. "Nilidhani ninakula mara tatu," alisema sajini. Daftari lilihesabu mara sita.

Wiki ya pili ilikuwa ya kikombe, kwa sababu kinywaji hupita bila ya kushibisha. Soda ya nusu lita huwa na gramu 50 hivi za sukari, sawa na vijiko 12 vya chai. Hicho peke yake ndicho kiasi cha juu cha sukari ya kuongezwa ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa siku nzima kwa mtu anayetumia kalori 2,000. Bia ya nusu lita huwa na kalori 200 hivi, na waragi nao hauna wema zaidi, kwani gramu moja ya kileo hubeba kalori 7, karibu mara mbili ya sukari. Sajini aliweka maji mahali pa soda. Sukari ya chai aliishusha kijiko kimoja kimoja mpaka kikabaki kimoja kwa kila kikombe, na bia akaiachia jioni ya Jumamosi. Hakuna alichokipunguza katika sahani, lakini mwili ulikwisha pungukiwa na mamia ya kalori kila siku.

Wiki ya tatu ilikuwa ya sahani. Muuguzi aliichora kwenye karatasi akaigawa. Nusu nzima ikawa ya mboga: dodo, nakati, sukumawiki, kabichi, biringanya. Robo moja ikawa ya chakula cha kutia nguvu: posho, matoke, viazi vitamu, muhogo au wali, kimoja au viwili, si vyote vitano kwa mpigo kama ilivyo desturi ya karamu. Robo iliyobaki ikawa ya maharage, njegere, samaki, mukene, yai au nyama isiyo na mafuta. Mke hakulazimika kununua kitu kigeni sokoni. Alibadilisha vipimo tu: kijiko kikubwa kilichokuwa cha posho kikawa cha mboga, na kidogo kilichokuwa cha mboga kikawa cha posho. Mara mbili kwa wiki alipika ugali wa wimbi mahali pa unga mweupe uliokobolewa. Mchuzi wa karanga aliubakiza, ila kwa kipimo, maana karanga ni chakula chema sana, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Wiki ya nne ilikuwa ya sufuria. Mafuta ya kupikia yalikuwa yakimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye kidumu, kwa kukisia. Siku mke alipoyapima kwa kijiko cha chakula alihesabu vijiko vinane katika mchuzi mmoja. Kila kijiko hubeba kalori 120 hivi. Alishuka hadi vitatu, akazidisha nyanya, kitunguu na tangawizi, na hakuna mtoto aliyelalamika. Chumvi nayo ilihesabiwa, kwani mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha ndani ya viungo vya pakiti. Kwa mwenye shinikizo la damu hilo ni jambo la uhai. Chakula cha usiku kilirudishwa nyuma hadi saa moja na nusu.

Mwezi wa pili ulikuwa wa miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye kazi ya namna hiyo, angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano hutosha. Sajini aliacha kupanda bodaboda kutoka kambini hadi sokoni, na jioni alizunguka uwanja wa kwata pamoja na mwanawe mkubwa. Lakini yafaa ifahamike kwamba miguu peke yake haiwezi kulipa deni la kinywa. Nusu saa ya kutembea hutumia kalori 150 hivi kwa mtu wa uzito wake, na soda moja huzirudisha zote, tena na ziada.

Jambo moja mke alilikataa tangu mwanzo, na alikuwa na haki. Hakukubali kupika sufuria mbili, moja ya mgonjwa na nyingine ya wazima. Sahani mpya ikawa ya nyumba nzima, kwa kuwa mboga, maharage na maji ni chakula cha kila mtu. Hata hivyo watoto hawakupunguziwa vipimo, kwani wangali wakikua. Vivyo hivyo mama mjamzito na anayenyonyesha hawapaswi kuanza mpango wa kupunguza uzito bila ya shauri la daktari. Na mwenye kisukari anayetumia dawa sharti amwone daktari kwanza, maana chakula kikipungua na dawa ikabaki vilevile, sukari yaweza kushuka kwa ghafla. Ama vidonge na chai za kukondesha zinazotembezwa sokoni bila ya maelezo, dawa yake ni kutozinunua.

Katika mwezi wa tatu ilitokea harusi ya mpwa wake, siku mbili za wali, nyama ya kukaanga na bia. Jumatatu mizani ilipanda kilo moja na nusu. Sajini alitaka kulitupa daftari. Mkewe alilichukua, akaandika tarehe, akaandika neno "harusi", akamrudishia. Hapo alionyesha busara kuliko vitabu vingi. Sehemu kubwa ya uzito wa ghafla namna hiyo ni maji na chakula kilicho njiani, si mafuta, na wiki moja ya sahani ya kawaida huuondoa. Kinachomnenepesha mtu si karamu ya mara moja. Ni mazoea ya kila siku. Kwa hiyo mtu apimwe mara moja tu kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, kabla ya kula, wala asihuzunike wiki ambayo mshale hausogei.

Baada ya miezi minne sajini alikuwa na kilo 84 na nusu, na shinikizo la damu lilisoma 132 kwa 84. Daktari hakumsimamishia vidonge, wala yeye hakujisimamishia, kwani kusoma vizuri ukiwa katika dawa ni ushahidi kwamba dawa na sahani vinafanya kazi. Bado uzito wake umezidi kwa hesabu ya vitabu. Lakini kichwa kimeacha kumuuma, na zile ngazi za stoo huzipanda bila ya kusimama katikati kujifanya anatafuta ufunguo.

Majirani walisema, kama ilivyotarajiwa. Mmoja alimfuata mke bombani akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu bwana yu mzima kweli?"

"Ni mzima, jirani," alijibu. "Stoo ilijaa, tunaitoa kidogo kidogo. Ukitaka kuona daftari, lipo."

Jirani alikuja jioni kuliona, akiwa na mkanda wa mumewe mkononi wa kulinganisha matundu. Naye alipotoka alikwenda kantini, akanunua daftari la kurasa 48 na kalamu, akaacha soda. Anayetaka kuanza naye aanze hivyo: si kwa njaa, bali kwa kuandika wiki moja kwa ukweli, kisha kikombe, kisha sahani, kisha sufuria, na miguu kufuata.